Nusu msimu imepita: timu yangu ni mbovu, au imekosa bahati tu?

*"Kocha, shikamoo. Timu ninayoishabikia NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, sitaitaja, maana nataka unijibu bila upendeleo. Tumecheza mechi 41, nusu ya msimu: tumeshinda 22, tumepoteza 19. Wapinzani wetu wakubwa wameshinda 29 na kupoteza 12, na mashabiki wao hawatupi nafasi ya kupumua. Ajabu ni kwamba sisi tunawazidi tunaocheza nao kwa wastani wa pointi 3.1 kwa mechi, na hao wapinzani wetu wana 3.9 tu. Mechi zilizoamuliwa kwa pointi tano au chini ya hapo tumecheza 12, tumeshinda tatu. Nyota wetu ana miaka 29, analipwa kuliko wote, na mitupo yake ya pointi tatu imeshuka kutoka asilimia 37 ya miaka yake yote hadi 31, katika mitupo 240. Nimeshaamini kwamba amekwisha: auzwe kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa Februari, na kocha aondoke naye. Rafiki zangu wanasema takwimu zinanipinga, mimi nasema macho yangu hayanidanganyi. Nani yuko sahihi? Na swali la pembeni: siku hizi nabeti mechi zetu, na nikiliwa naongeza dau mechi inayofuata. Kuna ubaya?"*

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake mna watu wawili. Mmoja ana hasira na anataka kichwa cha mtu. Mwingine amekaa akahesabu mechi zilizoisha kwa pointi tano, akatafuta wastani wa timu mbili, akaniletea. Huyo wa pili ameshajibu sehemu kubwa ya swali la wa kwanza, ila bado hajakiamini alichokiandika.

Nitangulize jibu ili usisome kwa wasiwasi. Kwa namba hizi timu yako ni nzuri kuliko rekodi yake. Wapinzani wako ni wazuri, lakini si kwa kiasi ambacho msimamo unaonyesha. Na kuhusu nyota wako, hujanipa ushahidi wa kutosha kwamba amekwisha. Hilo la mwisho ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu timu ikilikosea hilo hulilipia kwa miaka.

Mashabiki wengi huamini kwamba baada ya mechi 41, ushindi na vipigo vimeshasema kila kitu. Havijasema. Ushindi wa pointi moja na ushindi wa pointi thelathini vinahesabiwa sawa kwenye msimamo, ilhali vinaeleza timu mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana anayechambua timu katikati ya msimu huanza na tofauti ya pointi, kisha ndipo aangalie rekodi. Kuna kanuni ya haraka ambayo imekubalika kwa NBA: kila pointi moja ya wastani, katika msimu mzima wa mechi 82, ina thamani ya takriban ushindi 2.7 juu ya nusu ya mechi zote. Tuiweke kwenye timu zenu. Timu yenye wastani wa 3.1 ilitarajiwa kuwa na ushindi kama 25 kufikia sasa. Ninyi mna 22. Timu yenye 3.9 ilitarajiwa kuwa na 26. Wao wana 29. Pengo la mechi saba linalokunyima raha, kiuwezo ni pengo la mechi moja tu.

Kipimo hiki kimejithibitisha mara nyingi. Msimu wa 2024–25 Oklahoma City Thunder waliwazidi wapinzani wao kwa wastani wa pointi 12.9, wakaivuka rekodi ambayo Los Angeles Lakers waliishikilia tangu 1971–72. Walishinda mechi 68, kisha wakachukua ubingwa. Hata hivyo usikichukue kama msahafu, kwa sababu kipigo kimoja kikubwa kinaweza kuuvimbisha wastani. Januari 2022 Boston Celtics waliwafunga Sacramento Kings 128 kwa 75, na usiku ule mmoja uliwaongezea takriban pointi nzima kwenye wastani wao wa msimu hadi siku ile. Kwa hiyo fanya hivi: toa mechi mbili mlizoshinda kwa pointi nyingi kuliko zote na mbili mlizopigwa vibaya kuliko zote, kisha piga hesabu upya. Ukibaki karibu na 3, msingi wenu ni imara. Ukishuka hadi 1, basi sehemu kubwa ya maneno yangu ya faraja yapunguze.

Sasa zile mechi 12. Kushinda tatu na kupoteza tisa kunauma, na shabiki aliyeziona zote lazima aseme timu haina moyo. Lakini jaribu hesabu ya sarafu. Ukiirusha mara 12, uwezekano wa upande wako kutokea mara tatu au chini ya hapo ni kama asilimia 7. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba ligi ina timu 30. Kama kila timu ingecheza mechi 12 za namna hiyo na zote zikaamuliwa na sarafu, ungetarajia timu mbili hivi zikutwe na balaa kama lenu, na nyingine mbili zipate neema ya kinyume chake. Yaelekea hao wanaokutania wako upande wa neema. Kama mngegawana mechi hizo nusu kwa nusu, leo mngekuwa na 25 kwa 16, na nadhani usingeniandikia.

Je, mechi za mwisho mwisho ni sarafu tupu? Hapana, na hapa ndipo macho yako yana kazi. Huhitaji kuchagua kati ya macho na takwimu. Takwimu zinakuambia mahali pa kutazama, macho yanakuambia kuna nini mahali pale. Rudia zile mechi tisa mlizopoteza, lakini dakika tatu za mwisho tu. Simamisha picha kila timu yako inapotupa na ujiulize: mtupaji alikuwa huru? Mpira ulikuwa mikononi mwa nani saa ya sekunde 24, muda wa kila shambulizi, ilipofika kumi? Nyota wenu aliupokea akiwa anakimbia, au alikuwa amesimama mbali na kikapu huku wenzake wanne wakimwangalia?

Kisha geukia ulinzi, maana hapo ndipo mechi nyingi za karibu huvunjikia. Dakika za mwisho wapinzani hutafuta mlinzi wenu dhaifu. Yule anayelindwa na mlinzi huyo huitwa aje kumzibia njia mlinzi wa nyota wao, walinzi wanalazimika kubadilishana, na ghafla mtu wenu dhaifu amebaki peke yake mbele ya mchezaji bora uwanjani. Ukiona mtu yuleyule anawindwa hivyo katika mechi sita kati ya tisa, hapo msizungumzie bahati. Ni kasoro ya kikosi, na itawasubiri kwenye mtoano, ambako wapinzani wana wiki nzima ya kuwasoma. Lakini ukiona mitupo mizuri, watupaji walio huru, mpira unazunguka pete na kutoka, basi jipeni subira.

Nije kwa nyota wako.

Asilimia 31 badala ya 37, katika mitupo 240, ni upungufu wa mitupo 14. Kumi na nne, katika mechi 41. Ni mtupo mmoja kila mechi tatu. Hakuna jicho, liwe lako au langu la kocha, linaloweza kuona upungufu wa mtupo mmoja kila mechi tatu. Unachokikumbuka ni mitupo mitano au sita iliyokosa wakati mnaihitaji, nayo imefunika mingine yote. Macho yako hayakudanganyi kuhusu kile kilichotokea. Yanakudanganya kuhusu mara ngapi kimetokea.

Lakini sitaki nikutulize kwa uongo. Mtupaji wa kweli wa asilimia 37 akitupa mara 240, kushuka hadi 31 au chini yake hutokea kama mara tatu katika mia. Si jambo la kila siku. Ligi ina wachezaji zaidi ya 400, kwa hiyo kila nusu msimu wapo kadhaa wanaopita kwenye bonde hilo bila kosa lolote la mkono, na pia wapo ambao kweli kuna kitu kimebadilika. Jambo la kuhoji lipo. Ila jibu lake hutalipata kwa kuendelea kukodolea macho mtupo wa pointi tatu wenyewe, kwa sababu huo ndio upande wa mchezo unaoyumba kuliko pande zote. Mei 2018 Houston Rockets, timu iliyokuwa imeshinda mechi 65, waliingia mechi ya saba dhidi ya Golden State Warriors wakiwinda tiketi ya fainali. Walikuwa wakiongoza hadi mapumziko. Kisha katika mechi hiyohiyo walikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo, wakafungwa 101 kwa 92. Kikosi kile hakikusahau kutupa kwa saa mbili. Ndivyo mtupo wa mbali ulivyo, na leo timu moja hutupa zaidi ya 35 kwa mechi, ilhali msimu wa 1979–80, mstari huo ulipoanza kutumika NBA, zilikuwa hazifiki hata mitatu.

Mchezaji anapoishiwa, dalili huanzia miguuni, na miguu huonekana kwingine. Hatua ya kwanza ya kumpita mlinzi inapungua kasi. Badala ya kufika chini ya pete anasimama njiani na kutupa. Kwa kuwa hafiki kwenye msongamano, hafanyiwi madhambi, na mitupo yake huru, ile ya adhabu inayotupwa bila mlinzi, inapungua. Kwenye ulinzi anachelewa kurudi, anafika kwa mtupaji nusu hatua nyuma. Haya yote hutangulia, na hayategemei mpira umeingia au umetoka. Ndiyo maana ninayaamini.

Kwa hiyo linganisha msimu huu na uliopita. Anafika chini ya pete mara ngapi kwa mechi? Anapewa mitupo huru mingapi? Kama hesabu hizo mbili zimesimama palepale, mwili upo. Kisha angalia asilimia yake ya mitupo huru. Pale hakuna mlinzi, hakuna haraka, umbali ni uleule kila siku, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha mkono wenyewe. Kama huko hajashuka, mkono haujaharibika. Kama hesabu zote tatu zimeanguka pamoja, hapo na mimi nitaanza kuhofu, si kwa sababu ya miaka 29, ambayo kwa wengi ni kilele, bali kwa sababu huenda anacheza akiwa na maumivu ambayo klabu haijayatangaza. Hilo ni la madaktari wa timu, sisi hatuwezi kulipima kupitia kioo cha televisheni.

Kuna jambo la tatu ambalo mashabiki hulisahau, na mimi nikiambiwa nibashiri kuhusu timu nisiyoijua, nitaanzia hapo. Angalia ni mitupo ya namna gani anayotupa. Kupokea pasi ukiwa umesimama tayari na kutupa ni kazi moja. Kudunda mpira, kumtikisa mlinzi, kurudi hatua nyuma na kutupa huku mkono wa mtu uko usoni ni kazi nyingine, na mkono uleule hutoa asilimia tofauti kabisa katika kazi hizo mbili. Je, msimu uliopita mlikuwa na mtu mwingine wa kuongoza mashambulizi ambaye ameondoka au ameumia? Kama ndivyo, nyota wako leo anajitengenezea mitupo ambayo mwaka jana alitengenezewa. Hapo hajashuka yeye. Kilichoshuka ni urahisi wa mitupo yake, na dawa yake ni kumtafutia msaidizi. Kumwuza kutawaachia tatizo lilelile na mtu mdogo zaidi wa kulibeba.

Nakukumbusha kisa cha Tyrese Haliburton. Msimu wa 2024–25 aliuanza taratibu, na Indiana Pacers wake walikuwa na ushindi 10 na vipigo 15. Aprili, wachezaji wa ligi walipoulizwa bila kutajwa majina, walimtaja yeye kuliko mwingine yeyote kuwa anasifiwa kupita kiasi. Mtoano ulipoanza akawa anaua mechi za sekunde za mwisho moja baada ya nyingine, ikiwemo ya kwanza ya fainali, ugenini Oklahoma City, kwa mtupo uliobakiza sekunde 0.3. Pacers walikuwa wamemaliza msimu na 50 kwa 32, na waliifikisha fainali hiyo mechi ya saba, ambayo yeye kwa huzuni kubwa aliitoka akiwa amekatika mshipa wa kisigino. Wangemhukumu Desemba, wangempoteza mtu aliyewafikisha hapo.

Na kwa hao wanaokutania, wakumbushe Januari 2015. Mwezi ule Atlanta Hawks walicheza mechi 17 wakashinda zote 17. Katikati ya mwezi uleule, Cleveland Cavaliers wa LeBron James walikuwa na ushindi 19 na vipigo 20, na kila mtu alikuwa na maoni juu ya kilichoharibika. LeBron alikuwa amekosa mechi nane kwa maumivu ya goti na mgongo. Akarudi, wakaongezwa J.R. Smith, Iman Shumpert na Timofey Mozgov, na kuanzia hapo walishinda 34 na kupoteza tisa. Mei timu hizo mbili zilikutana kwenye fainali ya Ukanda wa Mashariki. Cleveland walishinda nne kwa sifuri. Kutangulia si kufika, na mechi 41 ni nusu ya safari.

Lakini nisikupe matumaini ya bei rahisi. Timu zilizofufuka ndizo tunazozikumbuka. Nyingi zilizo na 22 kwa 19 mwezi Januari humaliza Aprili zikiwa zilezile, katikati ya msimamo, zikipigania nafasi ya saba au ya nane. Kinachokutofautisha ni ile 3.1, na ndiyo maana nimekuomba uihakiki.

Sasa tuseme wewe ndiye meneja. Una njia tatu: kuuza nyota, kuongeza mtu, au kumwondoa kocha.

Kuuza nyota kwanza. Shabiki hufikiri kwamba ni kuchagua jina na kupiga simu. NBA haiendi hivyo. Mishahara ya pande mbili inapaswa kukaribiana, na timu zilizovuka kiwango cha juu kabisa cha matumizi haziruhusiwi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja. Kwa hiyo mchezaji anayelipwa kuliko wote ana wanunuzi wachache, na nao wanaiona hiyo asilimia 31 kama wewe. Utauza chini ya thamani yake. Halafu kuna suala la kiini cha timu. Februari 1995 Houston walimchukua Clyde Drexler, wakamtoa Otis Thorpe. Walimaliza nafasi ya sita na bado wakawa mabingwa, kwa sababu kiini, Hakeem Olajuwon, kilibaki. Februari 2025 Dallas Mavericks, waliokuwa wamecheza fainali miezi minane tu nyuma, walifanya kinyume: wakamtoa Luka Dončić, kiini chenyewe, akaenda Lakers, nao wakampata Anthony Davis. Davis aliumia mechi yake ya kwanza, Kyrie Irving akaumia Machi, timu ikamaliza na 39 kwa 43 na kuukosa mtoano. Majeraha si kosa la aliyefanya dili, hilo nalikubali. Lakini ukishamtoa mtu wa kiini, huna tena kitu cha kukushikilia mambo yakienda mrama.

Kuongeza mtu ndiyo njia ninayoipenda mimi. Boston wa 2021–22 ndio mfano wangu. Januari walikuwa na 18 kwa 21 na watu walitaka Jayson Tatum na Jaylen Brown watenganishwe. Uongozi haukuwagusa. Tarehe 10 Februari wakamleta Derrick White kutoka San Antonio, mchezaji asiye na makeke anayelinda vizuri na kuufanya mpira utembee. Wakamaliza 51 kwa 31 na kufika fainali. Kama ukaguzi wako wa dakika tatu za mwisho utaonyesha kwamba nyota wako amelemewa, timu yako inahitaji mtu wa aina hiyo: wa pili wa kushika mpira, anayepatikana kwa kumtoa mchezaji wa benchi na nafasi za mbali za uteuzi wa vijana, yaani haki ya kuchagua wachezaji chipukizi wanaoingia ligi. Na dirisha likifungwa mapema Februari bado si mwisho. Mchezaji anayeachwa na klabu yake kabla ya Machi 1 kuisha anaweza kusajiliwa kwingine na kucheza mtoano.

Kuhusu kocha nitasema machache, kwa kuwa nami ni kocha na huenda ukanishuku. Kumtoa kocha kafara wakati mwingine hufaulu. Machi 2021 Atlanta walimwondoa Lloyd Pierce wakiwa na 14 kwa 20, wakampa timu Nate McMillan, wakashinda 27 na kupoteza 11, hadi fainali ya ukanda. Januari 2016 Cleveland walimfukuza David Blatt akiwa na 30 kwa 11, wakiongoza Mashariki. Chini ya Tyronn Lue rekodi ilishuka kidogo, 27 kwa 14, lakini Juni wakawa mabingwa. Januari 2024 Milwaukee Bucks walimwondoa Adrian Griffin akiwa na 30 kwa 13, wakamleta Doc Rivers, wakashinda 17 na kupoteza 19, kisha wakatolewa raundi ya kwanza, ingawa Giannis Antetokounmpo alikuwa majeruhi. Katika visa hivi rekodi haikuwa inaeleza hali ya chumba cha kubadilishia nguo. Ninachokitazama mimi ni kimoja: timu yako ikipoteza mpira, watu wote watano wanakimbia kurudi? Wakiacha kukimbia, wameacha kumsikiliza kocha. Wakiendelea kukimbia huku wanapoteza mechi za pointi mbili, mwache afanye kazi.

Usisahau pia kuuliza nani alikosekana. Philadelphia 76ers wa 2023–24 walishinda 31 na kupoteza nane Joel Embiid alipocheza. Bila yeye walishinda 16 na kupoteza 27. Ukizichanganya hizo unapata timu ya kawaida ambayo haikuwahi kuwepo uwanjani hata siku moja. Angalia pia kama mechi zenu nyingi za nyumbani mmeshazimaliza. Kila timu ina 41 nyumbani na 41 ugenini, na ratiba haizigawi sawasawa kila mwezi.

Limebaki lile uliloliita swali la pembeni. Kwangu ndilo zito kuliko yote.

Hesabu zote nilizokupa zinapima miezi. Hakuna hata moja inayokuambia mechi ya kesho itaishaje. Nimekueleza kwamba hata kikosi kizuri kinaweza kupoteza tisa kati ya 12 zilizo karibu, na kwamba timu ya ushindi 65 ilikosa mitupo 27 mfululizo usiku ambao ilihitaji kila mmoja. Juu ya hapo, kampuni ya kubeti imeshakata fungu lake kwenye bei kabla hujaweka dau. Na yapo ambayo huwezi kuyaona kabisa: Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter baada ya kubaini kwamba alivujisha habari za afya yake kwa wabetaji na kujitoa mapema mchezoni ili dau la mtu lishinde. Wewe uliyekaa kwenye kiti ukichambua takwimu zake, ungejuaje?

Lakini kilichonishtua ni hiki: ukiliwa, unaongeza dau mechi inayofuata. Hapo huchambui tena mpira, unakimbiza hasara, na kukimbiza hasara ni mojawapo ya dalili ambazo washauri wa uraibu wa kamari huzitafuta kwanza. Jiulize na ujibu kwa ukweli: umewahi kumficha mtu wa nyumbani kiasi ulichopoteza? Umewahi kukopa, au kutumia fedha iliyokuwa na kazi nyingine? Umejaribu kuacha ukashindwa? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, usisubiri ushauri wa kuandikiwa kama huu wangu. Mtafute mshauri nasaha au daktari, ukae naye ana kwa ana, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Uraibu wa kamari unatibika, na wanaoushughulikia wamewasikiliza wengi kabla yako, kwa hiyo usione aibu. Hata kama majibu yako yote ni hapana, acha kubeti mechi za timu yako kuanzia leo. Funga akaunti, mwambie mmoja wa hao rafiki zako wa takwimu kwamba umeifunga, na umwombe akuulize kila baada ya mechi mnayopoteza.

Ukimaliza ukaguzi wa zile mechi tisa, niandikie uliyoyaona, hasa nani anawindwa kwenye ulinzi na mitupo huru ya nyota wako imesimama wapi. Safari hiyo nitajie na timu.